Alabama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Nchi Yake na Historia Yake

Kila Alabama inapotajwa kwenye habari, iwe ni uchaguzi, tonado au hukumu ya mahakama, maswali huwa ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake. Nikiri mapema kwamba nina upendeleo wangu: wengine wakianza na Martin Luther King, mimi huanza na udongo. King tutamfikia.

Alabama iko wapi, na ni kubwa kiasi gani?

Iko kusini-mashariki mwa Marekani. Kaskazini imepakana na Tennessee, mashariki na Georgia, magharibi na Mississippi, kusini na Florida, na kona moja ya chini imechungulia Ghuba ya Mexico. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 135,000. Ukiigawa Tanzania mafungu saba, fungu moja ndiyo Alabama. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 5,024,279, yaani jimbo zima halijafikia idadi ya watu wa Dar es Salaam. Takriban mmoja kati ya kila wanne ni Mweusi. Limegawanywa katika kaunti 67.

Kaskazini-mashariki ndiko safu ya milima ya Appalachia inakoishia. Kilele cha juu kuliko vyote, Cheaha, kina mita 735 tu. Mtu wa Lushoto atakiita kilima na kuendelea na safari. Kutoka hapo nchi inashuka polepole kuelekea kusini, na mito ya Alabama na Tombigbee inakutana juu kidogo ya Mobile na kutengeneza delta kubwa ya vinamasi.

Mbona ina pwani fupi hivyo?

Kwa sababu Florida ilikuwa ya Hispania, na Hispania ilijinyoosha kando ya ghuba. Kipande cha Mobile Wamarekani walikinyakua mwaka 1813. Bila hicho Alabama isingekuwa na bahari kabisa. Leo pwani yake ni kama kilomita 85.

Mobile yenyewe ni kongwe kuliko jimbo. Wafaransa waliianzisha mwaka 1702, wakaihamishia mahali ilipo sasa mwaka 1711, wakati New Orleans haijazaliwa hadi 1718. Mardi Gras, yaani karnivali ya kabla ya Kwaresima, kwa upande wa Marekani ilianzia Mobile, na wenyeji watakukumbusha jambo hilo kabla hujamaliza chai yako, ambayo kwao hunywewa baridi, yenye barafu, na sukari ya kutisha.

Jina "Alabama" lina maana gani?

Ni jina la kabila, Waalabama, waliokaa kando ya mto huo. Tafsiri inayokubalika zaidi inatoka kwenye lugha ya Wachoctaw: wafyeka majani, au wakata mimea. Ile hadithi kwamba maana yake ni "hapa tunapumzika" ilitungwa katika karne ya 19, ikapendwa hadi ikawa kaulimbiu ya jimbo kwa miaka mingi. Nzuri, ila si ya kweli.

"Ukanda Mweusi" ni nini? Ni kwa sababu ya watu au udongo?

Udongo kwanza, watu baadaye. Enzi za dinosaria, sehemu ya kusini ya Alabama ilikuwa chini ya bahari. Viumbe vidogo vya baharini vilikufa, magamba yao yakatuama chini na kuwa mwamba laini wa chaki. Bahari iliporudi nyuma, juu ya chaki ile ulitokea udongo mweusi mzito, wenye umbo la mwezi mwandamo, ukikata katikati ya jimbo na kuingia Mississippi. Upana wake ni kama kilomita 40.

Aliyewahi kujenga au kulima kwenye udongo mweusi wa mbuga hahitaji maelezo. Kiangazi unapasuka nyufa za kuzamisha mguu wa mbuzi. Mvua ikinyesha unavimba, unanata kama ulimbo, na gari likinasa linabaki hapo hadi jua litakapotoka. Kuta za nyumba zinapata nyufa bila kosa la fundi. Lakini pamba inaupenda. Kenya udongo wa namna hii umepewa hadi jina la pamba.

Mashine ya kuchambua pamba ilikuwa imeshabuniwa tangu 1793, na viwanda vya Uingereza vilikuwa havishibi. Kilichokosekana ni mikono. Alabama ilipohesabiwa mwaka 1820 ilikuwa na watumwa 41,879. Mwaka 1860 walikuwa 435,080, asilimia 45 ya watu wote. Wengi hawakushuka melini: waliuzwa kutoka Virginia na majimbo ya Carolina, wakaswagwa kwa miguu majuma kadhaa, wanaume wamefungwa minyororo wawili wawili. Katika kaunti za udongo mweusi walikuwa wengi kuliko mabwana zao kwa mbali. Booker T. Washington aliandika mwaka 1901 kwamba jina lilianza kwa rangi ya ardhi, kisha watu wakaanza kulitumia kwa kaunti ambako Weusi ni wengi kuliko Wazungu.

Jaribu hili: chukua ramani ya udongo wa Alabama, ramani ya watumwa ya 1860 na ramani ya kura za urais za miaka ya karibuni. Zipange moja juu ya nyingine. Utauona mwezi mwandamo uleule mara tatu.

Kabla ya pamba, nchi ilikuwa ya nani?

Sehemu kubwa ya katikati na mashariki ilikuwa ya Wamuskogee, ambao Wazungu waliwaita Creek. Wacherokee walikuwa kaskazini-mashariki, Wachickasaw kaskazini-magharibi, Wachoctaw magharibi. Na kabla yao hao, kando ya mto Black Warrior palikuwa na mji mkubwa wa vilima vya kujengwa kwa mikono. Leo mahali hapo panaitwa Moundville, na vilima bado vipo.

Tarehe ya kukumbuka ni 27 Machi 1814. Jenerali Andrew Jackson, akisaidiwa na Wacherokee na baadhi ya Creek, aliwazingira Creek waliokuwa wakipinga Wazungu kwenye kona ya mto Tallapoosa, pahali panapoitwa Horseshoe Bend. Zaidi ya 800 waliuawa. Agosti mwaka huohuo akawasainisha mkataba wa kutoa ekari zipatazo milioni 23, Alabama na Georgia. Katika waliopokonywa walikuwemo Creek waliopigana upande wake. Alabama ikawa jimbo tarehe 14 Desemba 1819. Mwaka 1830 Jackson, sasa akiwa rais, akasaini sheria ya kuwahamisha waliobaki, na miaka michache baadaye wengi wakapelekwa kwa nguvu kwenye nchi ambayo leo ni Oklahoma.

Ukiisoma ramani utadhani wenyeji bado wapo: Tuscaloosa, Tallapoosa, Wetumpka, Tuskegee. Yamebaki majina, pamoja na jamii moja ya Creek, Wapoarch, ambao walifaulu kubaki kusini karibu na Atmore hadi leo.

Ni kweli kwamba merikani ya Zanzibar ilitoka huko?

Tutenganishe vitu viwili. Nguo yenyewe ilifumwa kaskazini, kwenye viwanda vya Massachusetts, na meli nyingi zilizoileta zilitoka bandari ya Salem. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, konsuli wa kwanza wa Marekani akafika Unguja 1837, na kitambaa kile kigumu cha pamba kisichopaushwa kikachukua jina la nchi kilikotoka. Kamusi zetu bado zinalo.

Lakini Massachusetts hailimi pamba. Baridi yake haiiruhusu. Pamba ilitoka kusini, na kati ya bandari zilizoisafirisha, Mobile ilizidiwa na New Orleans peke yake. Ilivyofika bandarini ni picha ninayoipenda: mashua ya mvuke inasimama chini ya ukingo mrefu wa mto Alabama, na juu kule watumwa wanaachia robota moja baada ya jingine kwenye mtelezo mrefu wa mbao. Robota linashuka kwa kishindo, na wenzao walio chini wanalisubiri, wepesi wa kuruka pembeni.

Hakuna awezaye kuishika doti ya merikani na kusema pamba yake ilichumwa kaunti hii au ile. Ila mpagazi aliyetoka Bagamoyo kwenda Ujiji na mtumba wa merikani begani alibeba jasho la mtumwa wa ng'ambo asiyemjua. Na njiani, kitambaa hichohicho ndicho kilicholipiwa hongo kwa machifu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, bandari za kusini zilizingirwa, pamba ikaadimika, na wafanyabiashara wa vitambaa vya Uingereza na Bombay wakaipata nafasi waliyoitafuta kwa muda mrefu. Nguo ya Marekani ikapungua sokoni Unguja. Jina halikuondoka.

Clotilda ilikuwa meli gani?

Ndiyo meli ya mwisho inayojulikana kuingiza watumwa Marekani kutoka Afrika. Kuingiza watumwa kulikuwa kumepigwa marufuku tangu 1808. Pamoja na hayo, tajiri mmoja wa Mobile, Timothy Meaher, aligharamia safari hadi Dahomey, na Julai 1860 nahodha William Foster akarudi na watu wapatao 110. Waliteremshwa usiku, meli ikachomwa moto na kuzamishwa mtoni ili ushahidi upotee.

Miaka mitano baadaye wakawa huru. Walitaka kurudi kwao, nauli hawana. Wakamwomba Meaher ardhi kama fidia, akakataa. Wakafanya kibarua, wakadunduliza, wakanunua viwanja na kujenga kijiji chao kaskazini mwa Mobile, Africatown, wakaendelea kuzungumza lugha yao na kuamua kesi zao wenyewe. Mmoja wao, Oluale Kossola, aliyejulikana kama Cudjo Lewis, aliishi hadi 1935. Mabaki ya meli yalithibitishwa mwaka 2019, kwenye matope ya mto Mobile. Wajukuu na vitukuu bado wanaishi pale, kwenye mtaa uliozungukwa na viwanda.

Montgomery ilikuwa mji mkuu wa waasi?

Ndiyo, kwa miezi mitatu tu. Alabama ilijitenga tarehe 11 Januari 1861, na Februari 18 Jefferson Davis akaapishwa kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga kwenye ngazi za bunge la Montgomery. Mei mji mkuu ukahamishiwa Richmond, Virginia. Kumbuka zile ngazi. Januari 1963 gavana George Wallace alisimama palepale kuapa kwamba ubaguzi utadumu milele.

Utumwa uliisha 1865. Kwa nini haki za kiraia zilidaiwa miaka mia baadaye?

Kwa sababu ya yaliyotokea katikati. Aliyekuwa mtumwa alipata uhuru bila ardhi. Akabaki shamba lilelile, akilima kwa makubaliano ya kugawana mazao. Mbegu, nyumbu na unga anakopeshwa dukani kwa mwenye shamba, na msimu ukiisha hesabu inapigwa na mwenye duka. Mwaka hadi mwaka deni linabaki.

Kilichobaki kilikuwa kura, nayo ikaja kunyang'anywa kwa katiba. Katiba ya Alabama ya 1901 iliandikwa na mkutano ambao mwenyekiti wake alitamka wazi kwamba lengo ni kuhakikisha utawala wa Wazungu kwa njia za kisheria. Ikaweka kodi ya kupiga kura, mtihani wa kusoma na sharti la mali. Weusi wenye sifa za kupiga kura walikuwa zaidi ya 180,000 mwaka 1900. Miaka mitatu baadaye walioandikishwa hawakufika 3,000. Wazungu maskini wengi nao walichujwa na chujio hilohilo, jambo ambalo wengi hawalisemi.

Katiba hiyo ikanenepa. Kwa kuwa ilikusanya madaraka yote Montgomery, hata kaunti ikitaka jambo la kwake dogo ilihitaji marekebisho ya katiba. Yakafika zaidi ya 900, nayo ikahesabiwa kuwa miongoni mwa katiba ndefu kuliko zote duniani. Marufuku ya ndoa kati ya Weusi na Wazungu iliondolewa humo kwa kura ya wananchi mwaka 2000, na wapiga kura wanne kati ya kumi walitaka ibaki. Toleo lililosafishwa lilipitishwa mwaka 2022.

Kuna mji wenye sanamu ya mdudu?

Upo, unaitwa Enterprise. Fukusi wa vitumba aliingia Alabama mwaka 1910 akaitafuna pamba, wakulima wa eneo hilo wakalazimika kuhamia karanga, na karanga zikawalipa vizuri kuliko pamba. Desemba 1919 wakamjengea mnara wa shukrani katikati ya barabara: mwanamke wa kizungu katika vazi la Kiyunani. Mdudu mwenyewe aliongezwa miaka thelathini baadaye, mwanamke akambeba juu ya kichwa.

Tuskegee ni nini, na ina uhusiano gani na kwetu?

Ni chuo kilichofunguliwa tarehe 4 Julai 1881, katika kaunti ya Macon, na Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa. Wanafunzi walijifyatulia matofali na kujijengea majengo. Mwaka 1896 alijiunga George Washington Carver, mtaalamu aliyewafundisha wakulima kupokezana pamba na karanga au viazi vitamu ili ardhi ipumzike. Marubani Weusi wa kwanza wa jeshi la Marekani nao walifunzwa hapo, Vita Kuu ya Pili.

Uhusiano na kwetu una sura mbili. Sura ya kwanza ni chungu. Mwishoni mwa 1900 kamati ya uchumi wa makoloni ya Ujerumani ilichukua wataalamu wanne kutoka Tuskegee kwenda Togo kufundisha kilimo cha pamba. Wajerumani walikuwa wamevutiwa na mambo mawili kusini mwa Marekani: pamba, na jinsi Mweusi alivyolimishwa. Kamati hiyohiyo ilisukuma pamba katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambako serikali ilikwenda mbali zaidi na kuwalazimisha watu kulima mashamba ya pamoja kwa ujira wa dhihaka. Julai 1905, huko Nandete, Umatumbi, watu walikwenda shambani wakaing'oa ile miche ya pamba. Hivyo ndivyo Vita vya Majimaji vilivyoanza. Sisemi Tuskegee ilileta Majimaji. Wale wanne walikwenda Togo, si Kilwa. Ila wazo lilisafiri.

Sura ya pili ni ya 1959, Tom Mboya alipokuwa akitafuta nafasi za masomo Marekani kwa vijana wa Kenya. King, wakati huo mchungaji wa kanisa la Dexter Avenue huko Montgomery, alikubali kusaidia gharama za mwanafunzi wa Kenya aliyekwenda Tuskegee.

Na kuna kaswende. Kuanzia 1932 idara ya afya ya serikali kuu ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi 600 wa kaunti ya Macon, 399 kati yao wakiwa na ugonjwa huo. Waliambiwa wana "damu mbaya". Penisilini ilipopatikana hawakupewa, ili madaktari waone ugonjwa unavyokwenda hadi kifo. Ilidumu miaka 40, hadi magazeti yalipoifichua mwaka 1972.

Rosa Parks alikataa kumpisha Mzungu kiti cha basi kwa kuwa alikuwa amechoka?

Alikuwa fundi cherehani aliyetoka kazini, ndiyo, lakini pia alikuwa katibu wa tawi la chama cha kutetea haki za Weusi, na alijua anachofanya. Ilikuwa tarehe 1 Desemba 1955. Miezi tisa kabla yake, msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikuwa amekamatwa kwa kosa hilohilo. Weusi wa Montgomery waligomea mabasi siku 381, na kesi iliyouvunja ubaguzi ilifunguliwa kwa majina ya wanawake wengine wanne, Colvin akiwemo.

Birmingham ilipata wapi chuma?

Ardhini. Ni mahali pa nadra ambapo madini ya chuma, makaa ya mawe na mawe ya chokaa vyote vinachimbwa karibu karibu. Mji ulianzishwa mwaka 1871, ukakua haraka mno. Juu ya mlima mwekundu unaoutazama mji kuna sanamu ya Vulcan, mungu wa wahunzi wa Kirumi, kubwa kuliko sanamu zote za chuma cha kusubu duniani. Mbele amevaa aproni, nyuma yuko makalio wazi, na wakazi wa upande wa pili wamelilalamikia hilo kwa vizazi.

Migodi ile ilitumia wafungwa waliokodishwa na jimbo, wengi wao Weusi waliokamatwa kwa makosa kama uzururaji. Mlipuko wa mgodi wa Banner mwaka 1911 uliua watu 128, wengi wakiwa wafungwa wa namna hiyo. Alabama iliacha kukodisha wafungwa mwaka 1928, ya mwisho kabisa nchini.

Mwaka 1963 ndio uliolitia jina la mji huu katika vitabu vyote: watoto walioandamana kupinga ubaguzi wakipigwa na maji ya magari ya zimamoto, na Septemba 15 bomu katika kanisa la Mtaa wa 16 likawaua wasichana wanne, Addie Mae Collins, Carole Robertson, Cynthia Wesley na Denise McNair.

Kwa nini Selma?

Selma iko katikati ya udongo mweusi. Katika kaunti yake nusu ya watu walikuwa Weusi na walioandikishwa kupiga kura hawakuzidi mia chache. Kaunti jirani, Lowndes, wanne kati ya watano walikuwa Weusi, na mwanzoni mwa 1965 hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye daftari.

Februari askari wa jimbo alimpiga risasi kijana Jimmie Lee Jackson katika mji wa jirani; akafariki. Tarehe 7 Machi watu wapatao 600 wakaanza kutembea kuelekea Montgomery. Daraja la Edmund Pettus limepinda juu kama mgongo wa ng'ombe: ukianza kulipanda huoni ng'ambo. John Lewis, mmoja wa viongozi wa maandamano, na wenzake waliwaona askari walipofika kileleni, na hapo hakukuwa na pa kugeukia. Askari wakawapiga, na kamera zilikuwepo. Picha zile ziliitikisa nchi, na Agosti 6 sheria ya haki ya kupiga kura ikasainiwa.

Safari iliyofaulu ilikuwa ya Machi 21 hadi 25, kilomita 87. Kwenye barabara nyembamba ya Lowndes mahakama iliruhusu watu 300 tu. Mvua ikanyesha, na usiku wa tatu walilala shambani juu ya tope lile jeusi nililokueleza.

Yaliyofuata Lowndes yanasahaulika mno. Wanaharakati walibaki, wakaanzisha chama cha kaunti. Alabama ilitaka kila chama kiwe na alama kwenye karatasi ya kura kwa ajili ya wasiojua kusoma, jambo ambalo wapiga kura wa kwetu wanalielewa bila kuambiwa. Chama cha Democratic cha Alabama kilikuwa na jogoo mweupe (Wakenya, vumilieni) na juu yake maneno ya kusifu ukuu wa Wazungu. Watu wa Lowndes wakachagua chui mweusi. Alama hiyo ikachukuliwa na vijana wa Oakland, California, mwaka 1966, ikazunguka dunia. Ukifika Imbaseni, karibu na Arusha, utakuta kituo cha jamii kilichoanzishwa na Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wa chama cha Chui Weusi huko Kansas City na aliyehamia Tanzania mwaka 1972. Chui yule ni wa Lowndes.

Roketi za mwezini zilitengenezwa Alabama?

Saturn V, iliyowapeleka watu mwezini 1969, ilibuniwa Huntsville, kaskazini mwa jimbo. Kiongozi wa kazi hiyo, Wernher von Braun, alikuja na wenzake mwaka 1950. Kabla ya hapo aliwatengenezea Wanazi kombora la V-2, lililoundwa kwa nguvu za wafungwa wa kambi. Huntsville inapenda kuanzia hadithi mwaka 1950. Sasa ndio mji mkubwa kuliko yote Alabama, umeipita Birmingham.

Hali ya hewa ikoje?

Kiangazi ni joto la unyevu, kama Tanga mwezi Februari. Mobile hupata mvua zaidi ya milimita 1,600 kwa mwaka. Vimbunga hutoka ghubani kati ya Juni na Novemba, lakini cha kuogopwa zaidi ni tonado, hasa Machi hadi Mei. Tarehe 27 Aprili 2011 zaidi ya tonado 60 ziliipiga Alabama siku moja, zikaua zaidi ya watu 230. King'ora kikilia, mtu anaingia chooni au stoo, popote pasipo na dirisha.

Ukanda Mweusi uko katika hali gani leo?

Pamba imepungua, kuna ng'ombe, misitu ya misonobari, na mabwawa ya kufuga kambare, kwa kuwa udongo ule haupitishi maji. Sifa hiyohiyo ndiyo balaa ya majumbani. Mijini maji machafu yanakwenda kwenye bomba la umma. Vijijini Lowndes kila nyumba inajitegemea na shimo lake, na udongo hauyanywi maji. Mvua ikinyesha yanarudi bafuni au yanatuama uani. Mfumo unaofaa udongo huo unagharimu maelfu ya dola, ambazo familia nyingi hazina. Utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2017 ulipima watu 55 na kukuta dalili za minyoo ya safura kwa zaidi ya theluthi yao. Safura, katika nchi iliyofika mwezini kwa roketi ya jimbo hilohilo.

Kisiasa, ukanda bado unagombaniwa. Mwaka 2023 mahakama kuu ya nchi iliamua kwamba ramani ya majimbo ya uchaguzi ya Alabama imeidhoofisha kura ya Weusi. Ramani mpya ikachorwa, ikiunganisha kaunti za udongo mweusi kutoka Mobile hadi mpaka wa Georgia, na Novemba 2024 mbunge aliyechaguliwa hapo anaitwa Shomari Figures. Ndiyo, Shomari. Weusi wa Marekani walianza kuwapa watoto majina ya Kiswahili tangu miaka ya 1960.

Nina siku mbili tu. Nianzie wapi?

Siku ya kwanza, Montgomery. Nenda kwenye kumbukumbu ya waliouawa na makundi ya watu bila kesi, iliyofunguliwa mwaka 2018: nguzo za chuma zaidi ya 800, moja kwa kila kaunti ya Marekani ambako mauaji hayo yalitokea. Unaanza zikiwa usawa wa macho, sakafu inashuka chini ya miguu yako, na ukifika mwisho zinaning'inia juu ya kichwa.

Siku ya pili chukua barabara namba 80 kwenda Selma. Simama Lowndes, hasa kama mvua imenyesha usiku. Shuka garini, ingia hatua mbili tatu kwenye majani kando ya barabara. Ukirudi, viatu vitakuwa vizito, na utahitaji kijiti cha kukwangulia soli.